Kushoto kwa Mama

Dukani kwetu Kariakoo neno "hamna" lilikuwa halitamkwi. Mama aliuza vyombo kwa jumla: sufuria, sinia, mabeseni, chupa za chai, hotpoti za kila rangi. Mteja akiulizia kitu ambacho hatujawahi kuwa nacho tangu duka lifunguliwe, mama alijibu, "Ipo, kaa kidogo," akamvutia kiti, akamwagizia soda, kisha akanikonyeza. Mimi nilitokea mlango wa nyuma, nikapita duka kwa duka mpaka nikakipata, nikarudi nacho begani kana kwamba kimetoka stoo kwetu. Majirani nao walifanya vivyo hivyo kwa bidhaa zetu. Hakuna aliyeuona huo kuwa uongo. Kama kitu kipo mahali fulani Kariakoo, basi kipo, na kwa nini umwambie mteja hakipo eti kwa sababu hukioni kutoka pale ulipokaa?

Ndiyo maana nilipofika chuo, mwalimu wa falsafa akatuuliza kama meza ya darasani inaendelea kuwepo sisi tukishatoka na kufunga mlango, nilicheka kwa sauti. Wenzangu waliinama wakaandika kurasa nzima. Mimi niliandika kwamba mwenye shaka hiyo hajawahi kuwa na stoo. Mwalimu alinipa alama za chini na mpaka leo sijamsamehe. Niliporudi nyumbani nikamsimulia mama, naye akauliza kama ada yote ile alikuwa anailipia mambo hayo.

Sikujua kwamba swali lile lingenirudia nikiwa mtu mzima, na kwamba safari hii singecheka.

Kiharusi kilimpata mama asubuhi, anafungua duka. Aliyemkuta ni jirani yetu, mama wa Kihindi anayeuza mashuka na mapazia, duka lake na letu ukuta mmoja. Nimezoea kumwita anti. Yeye anakaa Upanga, sisi Mchafukoge. Yeye Mhindu asiyeonja hata supu ya nyama, mama yangu Mchaga wa Rombo anayeamini mtu asiyekula nyama anajitafutia ugonjwa. Wamezeeka wakitaniana hivyo mlangoni. Kila Desemba tukipanda Kilimanjaro kwa ajili ya Krismasi, funguo zetu zilibaki kwake, na yeye akiwa na sikukuu zao au akisafiri, zake zilibaki kwetu. Asubuhi hiyo alimkuta mama ameketi sakafuni, kufuli lingali mkononi, anamgombeza mtu asiyeonekana amwondolee mzigo ubavuni. Mzigo wenyewe ulikuwa mkono wake wa kushoto.

Baba alishafariki na mimi ni mtoto wa pekee, kwa hiyo mwenye kukaa hospitalini nilikuwa mimi. Maneno ya mama hayakuguswa. Aliongea vizuri kabisa, alikumbuka bei, alikumbuka nani kachukua mzigo na bado hajalipa. Nikamshukuru Mungu mapema mno. Mchana nilimletea chakula, akala, akasukuma sahani na kulalamika kwamba siku hizi nampimia chakula utadhani mtoto. Nilipotazama sahani, nusu ya kulia ilikuwa imelambwa ikang'aa na nusu ya kushoto haijaguswa, wali na maharage na mboga, vyote palepale. Nikaizungusha sahani. Akafurahi, akasema, "Enhee, sasa mmeongeza," akala na hiyo.

Nilidhani macho. Daktari akanieleza kwamba macho hayana kasoro. Picha ya upande wa kushoto inaingia, ila ubongo hauishughulikii tena. Nikamuuliza kama mama anaona giza upande huo. Akanitaka nijiulize mimi naona nini nyuma ya kisogo changu. Nikajaribu, pale pale kwenye korido, nikiwa nimeshika mfuko wa dawa. Sikuona giza. Sikuona kitu, na wala sikuhisi kwamba kuna kitu sikioni. "Basi ndivyo kushoto kwake kulivyo," akasema. "Hakumsumbui, kwa sababu kwake hakupo."

Mkono ndio uliomsumbua. Kila alipoukuta kwa mkono wake mzuri chini ya shuka, aliudhika, akaomba huyo mgonjwa mwenzake atafutiwe kitanda chake. Tuliporudi nyumbani akaukuta tena, akanitazama kwa mshangao wa kweli. Akauliza kwa nini tumehama na mgonjwa wa watu. Tulicheka, mimi na anti, tukacheka mpaka machozi, na mama naye akacheka kwa kutuona tunacheka. Sijui kama nimewahi kucheka hivyo tena.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa dada mmoja mkali, nami nilimpenda kwa ukali wake. Hakunificha kitu. Alisema miezi ya mwanzo ndiyo ya kupigania: mama akijifunza kutafuta kushoto kwake sasa, anaweza kusimama, kutembea, pengine hata kurudi dukani. Asipojifunza, atabaki hivyo. Kisha akanipa kazi. Nisimwonee huruma. Kitanda kikae namna ambayo upande wa kulia utakuwa ukutani na chumba chote kitakuwa kushoto. Kiti changu kiwe kushoto, chai nimletee kutoka kushoto, nimwongeleshe nikiwa kushoto, mpaka atakapoona kwamba upande huo kuna mtu, na mtu huyo ni mwanawe.

Nilitii. Mimi si mtu wa kutii kirahisi, muulize yeyote, lakini nilitaka mama arudi. Sikutaka apone kwa kusema tu amepona. Nilitaka akae tena kwenye kiti chake kabla ya msimu wa Desemba, awadanganye wateja kwa ile sauti yake tamu, anikonyeze nikimbie. Nikahamisha kitanda chake pale sebuleni. Nikaweka kiti kushoto. Kuanzia hapo, ndani ya sebule yetu wenyewe, nikaanza kutokuwepo.

Ni jambo gumu kulieleza kwa mtu ambaye halijampata. Nilikuwa namwita, naye anageuza shingo kulia, kwenye ukuta, anautafuta uso wangu kwenye rangi iliyobanduka. Nikimshika kidevu na kukigeuza taratibu, macho yanafika katikati na kukwama pale. Alinijibu, mwanzoni. Tuliongea, yeye anautazama ukuta na mimi nautazama upande wa uso wake ambao alikuwa haupaki mafuta. Baada ya muda alipunguza kunijibu. Sauti isiyo na mtu inachosha, nadhani. Watu waliokuja kumjulia hali walikaa popote, na aliyebahatika kusimama miguuni mwa kitanda, kulia kidogo, alipata salamu, habari na baraka zote, wakati mimi niliyemsafisha asubuhi nimekaa pembeni nikiwa na kitambaa mapajani. Niliona wivu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: niliwaonea wivu wageni.

Alasiri moja, kwa kuchoka tu, nikabuni mchezo. Nikamwambia afumbe macho, ajione anashuka Msimbazi, anaingia mtaa wetu kwa miguu, na anitajie maduka anayopita. Uso wake ukachangamka. Akaingia. Akapita duka la mazulia, la taa za dari, ngazi za gesti, mama anayeuza vitafunwa kwenye ndoo nyeupe, duka la mabegi ambalo mwenyewe ana hasira, wale vijana wa chaja. Alisalimia, alitania, alimkwepa mtu wa mkokoteni. Kisha akasema amefika mwisho wa mtaa.

"Na duka letu?" nikamuuliza.

"Duka lipi?"

Ukiingia mtaa ule kutokea Msimbazi, duka letu liko kushoto. Upande wote aliokuwa ametaja ulikuwa wa kulia. Macho alikuwa ameyafumba. Hapakuwa na sahani, hapakuwa na chumba, ilikuwa ni kumbukumbu yake mwenyewe, mtaa alioupita maisha yake yote, na bado kushoto kulikuwa kumekatwa. Kwa hiyo kushoto alikopoteza hakukuwa kwa sebule tu. Mpaka ndani yake kulikuwa kumevamiwa.

Usiku nikaliwaza hilo, na kesho yake nikajaribu kinyume. Nikamwambia aingie kwa upande wa pili, ule wa kule chini, apande kuelekea Msimbazi. Akaingia. Na safari hii maduka ya mazulia na taa yalitoweka kabisa, mama wa vitafunwa na ndoo yake akatoweka, lakini mkono wa kulia zikaja nguo za watoto, likaja duka la anti na mapazia yake yanayopepea, na likaja letu. Akasimama. Akafungua kufuli la juu, akafungua la chini, akainama akasukuma geti, akaniambia kwamba hilo geti linahitaji grisi na nimekuwa nikimwahidi. Akaingia ndani, akaanza kunitajia rafu.

Nilikwenda jikoni nikalia. Nililia kwa furaha, mjinga mimi. Duka lilikuwemo! Lilikuwemo kichwani mwake siku zote, zima, na bidhaa zake na kutu yake; kilichotakiwa ni kuliingilia upande unaofaa. Nikajiona nimegundua jambo ambalo madaktari hawakulijua. Sihitaji kumgeuza mama, nikajiambia, nitaugeuza ulimwengu. Hata yule mwalimu wangu wa falsafa nilimkumbuka, nikatamani kumwambia kwamba meza yake ipo, ila inategemea unatokea mlango gani.

Nilipanga ile siku kama mtu anayepanga harusi. Anti alinisaidia. Jioni moja kabla ya kufunga tulihamisha bidhaa zinazotoka sana, sufuria za seti, chupa za chai, mabeseni, tukazipanga rafu ya kulia ya kiti cha mama. Sinia kubwa za pilau zilikataa kuenea, tukaziacha kushoto zilipokuwa, zimesimama ukutani zinang'aa. Asubuhi yake tulimshusha mama ngazi kwa msaada wa wapagazi wawili, tukapanda bajaji, nikamwambia dereva azunguke aingie mtaa kwa kule chini. Dereva alibisha kwamba huko kuna foleni na kwamba Msimbazi ni hapo tu. Nilimjibu vibaya.

Na ilikuwa kama nilivyotarajia, kwa muda. Mama aliona nguo za watoto, akaona mapazia, akaona duka lake. Akashika kona ya kaunta kwa mkono wake mzuri na kuipapasa mpaka mwisho. Majirani wakaja, shikamoo kila upande, naye akawaitikia waliokuwa kulia, na wa kushoto niliwavuta mikono nikawahamisha kimyakimya. Alikaa kwenye kiti chake. Alinyoosha mgongo. Nilikuwa nimesimama kushoto kwake kama nilivyoagizwa, na kwa mara ya kwanza tangu kiharusi sikujali kwamba hanioni, kwa sababu mimi nilikuwa namwona.

Akaingia mteja, mwanamke wa makamo aliyetoka mkoani, mpole, na mfuko wake wa kiroba. Akaamkia, akasema anaulizia sinia kubwa za pilau, ana shughuli ya binti yake.

Mama alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alitazama. Aligeukia rafu zake, akazikagua moja moja kwa uangalifu, juu mpaka chini, kwa uaminifu ambao mfanyabiashara yeyote wa mtaa ule angeuonea haya. Kisha akamrudia mteja.

"Hamna," akasema.

Anti, aliyekuwa mlangoni, alidakia upesi kumwambia mteja kwamba zipo, zipo, kaa kidogo. Mteja mwenyewe alishaziona. Akanyoosha kidole, akauliza kwa unyenyekevu kama si zile pale ukutani. Mama akakifuata kile kidole mpaka kilipopotelea. Akatabasamu, lile tabasamu la kumsitiri mtu aliyechanganyikiwa, akamwambia kwa upole kwamba yeye ndiye mwenye duka na anazijua rafu zake. Hamna sinia. Labda ajaribu kwingine.

Mwanamke yule alitutazama mimi na anti, akaelewa, akainamisha kichwa na kutoka. Hakununua kwetu wala kwa jirani. Nadhani aliona aibu kwa niaba yetu. Mama akasema amechoka, na kwamba duka lenyewe limekuwa dogo. Eti walimkatia nusu, hakuambiwa.

Kwenye bajaji ya kurudi tulikaa watatu: anti kulia, mama katikati, mimi kushoto, nimemzungushia mkono asianguke kona. Mama alimwegemea rafiki yake. Tulikwama kwenye foleni, na pale katikati ya honi alimshika anti mkono, akamuuliza kwa sauti ya chini, ile sauti ya watu wazima wakizungumza mambo wasiyotaka watoto wayasikie.

"Dada, niambie ukweli. Mwanangu alikufa lini?"

Mimi ndiye niliyejibu. "Mama, niko hapa. Mimi hapa, nimekushika."

Mama akashtuka, akamkaza anti mkono zaidi. "Unaisikia? Kila siku inakuja hivyo. Sauti yake kabisa. Naisikia, nageuka, hayupo." "Nyumba nzima wananificha."

"Hajafa," anti akasema. "Yupo. Yupo hapo hapo ubavuni mwako."

Mama alimtazama rafiki yake bila hasira. "Usiniambie yupo," akasema. "Mimi na wewe tumeuza Kariakoo miaka yote hii. Najua tunavyosema ipo."

Sikumlaumu. Miezi ile yote nilidhani namfundisha kunitafuta, na yeye alikuwa anatafuta kweli, kila nilipomwita, na kila mara alikuta ukuta. Mtu akitafuta hivyo na kukosa, akili yake yenye afya inampeleka kwenye jibu moja tu. Hakuwa amechanganyikiwa. Alihesabu vizuri kwa alichopewa, na jibu likatoka kwamba nimekufa.

Mtaalamu wa mazoezi haji tena. Tuliagana vizuri, alisema tumejaribu, na mimi sikumbishia. Desemba ilipita hatukwenda Kilimanjaro. Duka anauza mtu mwingine, sinia na vyote.

Kitanda nimekigeuza na kiti nimekihamishia kulia. Siku ya kwanza nilipokaa pale, mama aliniona, akanigusa shavu, kisha akauliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Nikamwambia nilisafiri kufuata mzigo. Akaniambia nisisafiri tena bila kumuaga, maana ameshanilia sana. Nikiwa kulia tunaishi vizuri. Tunasikiliza redio, ananisema kuhusu nywele zangu, ananiuliza nitaolewa lini. Mimi nipo. Nilikuwepo hata kule kushoto, muda wote, hilo nalijua kama ninavyojua njaa yangu, lakini sijaona limesaidia nini. Nilijibu swali la mwalimu nikiwa upande wa anayetoka darasani. Sikuwahi kufikiria upande wa meza.

Isipokuwa kuna ule mkono. Vidole vyake vimejikunja, kucha zinachimba kiganja, na usipokunjuliwa na kunawishwa kila siku unatoka vidonda na kunuka. Mkono haujali kwamba mwenyewe anaukana. Unaendelea kuoza kama mkono wa mtu yeyote. Basi kila asubuhi namwambia mama narudi sasa hivi, nachukua beseni la maji ya uvuguvugu, nazunguka miguuni mwa kitanda, na mahali fulani katika hatua hizo chache nakufa. Ananiita mara moja, mara mbili, halafu anaanza kulia. Ananilia kwa Kichaga, kwa jina alilonipa bibi, ambalo hakulitumia nilipokuwa hai. Mimi nimepiga magoti pale, nimeshika mkono wake kwa mikono yangu miwili, na siwezi kumjibu kwa sababu sauti yangu inamtisha. Nakunjua kidole kimoja kimoja, nakausha katikati yake. Namnawisha upesi niwezavyo.